Protini ya machicha ya mtama: namna ya kuivuna kabla haijaoza

Ukichachusha mtama na kukeneka pombe yake (kuichemsha na kukusanya mvuke uwe spiriti), kinachoondoka ni wanga. Theluthi moja hivi ya uzito wa nafaka inapanda na mvuke ikiwa ethanoli, theluthi nyingine inapotea hewani kama gesi ya kaboni, na theluthi ya mwisho inabaki chini ya mtungi: makapi, mafuta, madini, hamira iliyokufa, na protini yote iliyoingia na gunia. Mtama wa kawaida una protini kama asilimia 10. Ondoa theluthi mbili za uzito bila kugusa protini, na kilichobaki kinafika asilimia 30, sawa na mashudu ya alizeti.

Shida ni kwamba mali hiyo inatoka mtungini ikiwa uji mwepesi, maji kwa zaidi ya asilimia 90, wa moto na mchachu, na kwa joto la Dodoma kesho yake inaanza kunuka. Wengi huchuja kwa neti, wakauza machicha kwa wafugaji wa ng'ombe, na yale maji yenye rangi ya chai ya maziwa wakayamwaga korongoni. Ndani ya maji hayo kuna protini nyingi kuliko iliyo kwenye machicha yenyewe, tena bora zaidi. Hamira na chembe laini za protini ni ndogo mno kuzuiwa na neti, kwa hiyo hupita zote. Kazi yote inayofuata hapa imejengwa juu ya jambo hilo moja: makapi ni makubwa, protini ni ndogo, basi zitenganishe kwa matundu na kwa kutuama, kabla ya kufikiria kemikali yoyote.

Tunazungumzia mtambo wenye leseni. Gongo ya mafichoni haimo, na si kwa sababu ya sheria ya mwaka 1966 inayoikataza peke yake. Mitambo ile iliyoungwa kwa risasi, au iliyotengenezwa kwa rejeta ya gari, huacha madini ya risasi kwenye masalia, nayo huishia kwenye mayai na maziwa. Kama mtungi wako ni wa shaba, masalia yake usiwape kondoo: kondoo huvumilia shaba kidogo sana kuliko ng'ombe au kuku.

Gunia moja lina nini

Tuchukue kilo 100 za mtama usiokobolewa, maji lita 300. Baada ya kukeneka utabaki na lita 300 na kitu za masalia, zenye vitu vikavu kama kilo 30, na ndani yake protini kilo 10. Ukichuja vizuri na kuosha machicha mara moja, mgawanyo unakaribia hivi:

- machicha manene: kilo 14 kavu, protini asilimia 28, yaani kilo 4 pungufu kidogo;
- tope la protini: kilo 9 kavu, protini asilimia 45, yaani kilo 4;
- vilivyoyeyuka kwenye maji ya juu: kilo 7, protini yake karibu kilo 2.

Hizi ni hesabu za kupangia kazi. Aina ya mtama na usagaji wake vitazisogeza huku na huku, ila ukijikuta na kilo 3 tu za tope kavu kwa gunia, jua kuna mahali panavuja.

Kazi inaanzia kwenye nafaka

Kuna mambo manne ya kufanya kabla hata hujawasha moto.

La kwanza ni tanini. Mitama mingi ya rangi ya kahawia ina tanini, ambayo hushikana na protini hadi kuku hawezi kuimeng'enya. Maabara itasoma protini asilimia 30, lakini kuku atafaidi kidogo tu. Mbegu nyeupe kama Macia na Tegemeo hazina shida hiyo. Usiamini rangi ya ganda kwa macho, maana kuna mtama mwekundu usio na tanini, pima. Hesabu punje 100, zitie kwenye glasi, zifunike kwa jiki isiyochanganywa na maji, ongeza chembe mbili tatu za kostiki soda, tikisa mara moja moja kwa dakika 20, kisha osha kwa maji. Punje zenye tanini zinakuwa nyeusi tii mwili mzima. Zisizo nayo hubaki nyeupe au za manjano, pengine na doa jeusi pale kwenye kiini. Ukipata nyeusi zaidi ya 5 kati ya 100, gunia hilo litengenezee spiriti ukitaka, lakini machicha yake yapeleke kwa ng'ombe, si kwa kuku.

La pili ni sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka, na hapa hakuna utani. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Uchachushaji hauivunji, kuchemsha hakuiondoi, na haipandi na mvuke. Spiriti itatoka salama na sumu yote itabaki kwenye masalia, mara tatu ya ilivyokuwa kwenye nafaka. Kikomo cha Afrika Mashariki kwa nafaka ya chakula ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo. Mtama uliofika kwenye kikomo hicho utakupa machicha yenye 30. Ndiyo maana hoja ya kwamba «mtama ulioota ukungu tupeleke kwenye pombe» ni mbaya kwa anayekusudia kulisha mifugo. Ng'ombe wa maziwa akiila, sehemu yake inatoka na maziwa.

La tatu ni kukoboa. Mashine ileile ya mtaani inayokoboa mtama wa ugali ndiyo kifaa cha bei rahisi kuliko vyote cha kuongeza protini. Ukitoa asilimia 10 hadi 15 ya uzito kama pumba kabla ya kuchachusha, umetoa nyuzi nyingi na sehemu kubwa ya tanini, na masalia yatakuwa na protini nyingi kwa kila kilo. Kuna kiasi cha protini kinachoondoka na pumba, lakini pumba hizo mbuzi wanazila zikiwa kavu bila kazi ya ziada. Usizidishe asilimia 15. Hapo unaanza kukoboa wanga wako wa spiriti.

La nne, usage kwa chujio la matundu ya milimita 2 hadi 3. Unga laini kama wa ugali unavunja makapi kuwa vumbi, na vumbi hilo litapita kwenye matundu pamoja na protini. Hakuna chekeche itakayolitoa baadaye.

Anayetengeneza kimea mwenyewe akumbuke kwamba machipukizi na mizizi ya mtama ina kiasili cha sayanidi. Ipukutishe kimea kikishakauka, uitupe. Usiirudishe kwenye chakula cha mifugo kwa tamaa ya uzito.

Hakikisha wanga umekwisha

Masalia yenye wanga uliobaki yanakuwa kama gundi. Hayachujiki, hayatuami, na kitambaa kinaziba dakika ya kwanza. Kabla ya kukeneka, chota kijiko cha mchachusho, kiache kipoe kabisa, dondoshea tone la aidini ya kusafishia vidonda. Rangi ya kahawia au manjano maana yake wanga umekwisha. Bluu-nyeusi maana yake vimeng'enya havikumaliza kazi: ama ulipika haba, ama kimea kilikuwa kidogo, ama uliweka kimea wakati uji bado una joto la juu ya nyuzi 70 ukakiua. Rekebisha kwenye pika inayofuata. Kwa Dodoma mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,100 na kitu, maji yanachemka kama nyuzi 96, na wanga wa mtama ni mgumu kuulainisha kuliko wa mahindi, kwa hiyo ongeza dakika za kupika badala ya kutegemea moto mkali.

Vifaa

Mapipa mawili ya plastiki ya lita 200 yaliyobeba chakula, kamwe si dawa za mimea. Moja liwe na koki tatu ubavuni: sentimita 20, 35 na 50 kutoka chini. Hili ni la kutuamisha. Fremu mbili za sentimita 60 kwa 100, moja imewambwa wavu wa chuma cha pua namba 30 (tundu la milimita 0.6), nyingine namba 60 (milimita 0.25). Neti ya dirisha ya kuzuia mbu ina tundu kubwa mno kwa kazi hii. Itumie kama tegemeo chini ya wavu laini usichanike. Mifuko minne ya kitambaa cha merikani kilichofuliwa mara mbili kutoa wanga wa kiwandani. Karatasi za kupimia pH, yaani ukali wa asidi: namba ikishuka, asidi imepanda. Mzani wa jikoni na mzani wa kilo 50.

Na presi. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa jeki ya gari: kopo la chuma la kipenyo cha sentimita 30, kimo 40, unene wa bati usipungue milimita 3, limetobolewa matundu ya milimita 3 kila baada ya sentimita 2, ndani ya fremu imara ya chaneli. Jeki ya chupa ya tani 10 inatosha kabisa. Tani 20 itapasua mfuko kabla haijakamua zaidi.

Kuchuja

Fungua mtungi masalia yakiwa bado na nyuzi 60 hadi 70. Yakiwa ya moto yanatiririka. Yakipoa mafuta na gundi ya nafaka vinaziba wavu. Vaa glavu ndefu na buti, kwa sababu uji huu unashika ngozi na kuendelea kuunguza.

Laza fremu ya namba 30 juu ya pipa, kwa mwinamo wa nyuzi 40 hivi, na mimina kutoka juu kwa ndoo, polepole, ili uji uteremke kwenye wavu badala ya kutua katikati. Makapi yanateleza hadi chini kwenye beseni, maziwa, yaani yale maji meupe yenye protini, yanapita. Mwinamo ukiwa mdogo, makapi yanajikusanya na kufunga njia. Ukiwa mkali mno, maji yanakimbia na makapi. Utaona mwenyewe: makapi yanayofika beseni yawe mazito kama chenga za ugali, si kama uji.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka. Machicha hayo yana maziwa mengi yaliyonasa katikati ya makapi. Yarudishe kwenye ndoo, mimina maji yale ya juu yaliyotuama kutoka pika iliyopita (yachemshe kwanza), kiasi cha lita 1 kwa kila kilo ya machicha mabichi, koroga kwa mkono dakika 5 ukiyafikicha, kisha chuja tena. Maji yanayotoka mara hii ya pili yanakuwa meupe karibu sawa na ya kwanza, na weupe huo ni protini. Bila kuosha, tope lako la gunia linashuka kutoka kilo 9 hadi 6 au 7. Tumia maji ya juu badala ya maji ya bomba. Maji ya Dodoma si ya kumwaga, na ukiongeza maji safi unajiongezea kazi ya kuyatuamisha.

Kisha pitisha maziwa yote kwenye namba 60. Kitakachobaki juu ni vipande vidogo vya makapi. Virudishe kwenye machicha.

Machicha yatie kwenye mfuko wa merikani, kilo 15 kwa mara, weka kwenye presi. Piga jeki mara moja, subiri maji yapungue, piga tena. Robo saa. Ukiharakisha, safu ya nje inajibana na kuwa ukuta, ndani panabaki maji. Chukua konzi moja ufinye: yasidondoke matone, kiganja kibaki na unyevu tu, na donge lishikane lakini lipasuke ukiligusa kwa kidole. Hapo umefika asilimia 30 ya ukavu.

Kutuamisha tope

Kabla ya kulijaza pipa, jaza chupa moja safi ya maji ya lita moja na maziwa uliyochuja, iweke kivulini, itazame. Ndani ya saa moja unatakiwa kuona mstari ukishuka. Baada ya saa nne kutakuwa na tabaka tatu: chini kabisa uzi mwembamba wa kahawia, chembe za makapi zilizopenya, juu yake tabaka nene la rangi ya krimu, ambalo ndilo hamira na protini, na juu maji ya rangi ya asali, yanayopitisha mwanga. Tabaka la kahawia likizidi nusu ya lile la krimu, wavu wako wa namba 60 umechanika mahali au umesaga laini mno. Chupa hiyo ya bure inakuambia mengi kuliko kipimo cha maabara kitakachorudi baada ya wiki mbili.

Chupa isipotuama, sababu ni moja kati ya hizi.

Wanga umebaki: maji yana utelezi kati ya vidole. Hakuna dawa ya haraka. Chemsha, changanya na machicha, lisha ng'ombe.

Viputo: vijidudu vimeamka na kutoa gesi, na gesi inabeba tope juu. Hutokea masalia yakikaa nusu siku kabla ya kuchujwa. Pasha hadi nyuzi 80, acha yapoe, anza upya.

Asidi imezidi: pH iko chini ya 3.8. Hamira hugandana vizuri kwenye 4 hadi 4.5, na hugandana zaidi kukiwa na kalsiamu. Koroga gramu 20 za chokaa iliyozimwa kwenye maji kidogo kwa kila lita 100, pima, ongeza kwa vijiko hadi ufike 4.2. Ukivuka 5, bakteria waozeshaji wanafurahi kuliko wewe.

Jua: pipa lililopigwa na jua upande mmoja lina maji yanayozunguka ndani yake siku nzima. Weka kivulini, tuamisha usiku. Jambo dogo hili huwashinda watu wengi.

Jaza pipa jioni, funika. Alfajiri, baada ya saa 8 hadi 10, fungua koki ya juu kwanza, kisha ya kati. Funga mara tu maji yanapoanza kuwa na wingu. Ya chini inatumika tu kama chupa imekuonyesha tope liko chini yake. Zaidi ya saa 12 usiache, hata kukiwa na baridi ya Juni.

Tope linalobaki ni kama robo ya pipa, zito kama mtindi. Limimine kwenye mifuko, ining'inize saa tatu idondoke yenyewe, ndipo uiweke kwenye presi, tena kwa mzigo wa jiwe kwanza na jeki baadaye. Ukianza na jeki, tope litapita kwenye uzi wa kitambaa au litaziba kabisa. Mfuko uliokwisha tumika uloweke mara moja kwenye maji ya moto yenye magadi kidogo na kuusuuza. Ukikauka na tope, umekwisha.

Kukausha

Kuanzia Mei hadi Novemba kanda ya kati ina jua kavu na upepo, vitu ambavyo wenye viwanda kwingine wanavinunua kwa dizeli. Ila upepo huohuo unaleta vumbi na kinyesi cha mbuzi. Inua vichanja mita 1 kutoka ardhini, vifunike kwa neti, viweke mahali ambapo upepo unavifikia kabla ya kupita zizini.

Donge la tope usilitandaze kama lilivyo. Juu litaganda kuwa ngozi, ndani litabaki bichi, na siku ya tatu litakuwa na ukungu wa kijani katikati. Lisugue kwenye wavu wa tundu la milimita 4 au 5 litoke chenga, tandaza unene wa sentimita 1, geuza kila saa mbili. Gunia moja la mtama linahitaji mita za mraba 4 za kichanja kwa tope na 5 kwa machicha. Jua zuri linamaliza kwa siku moja na nusu hadi mbili. Usiku kusanya ufunike.

Ukitumia moto, hewa isizidi nyuzi 65. Rangi inayotakiwa ni ya biskuti. Ikiwa ya kahawa, na harufu ya mkate ulioungua, laisini, kijenzi muhimu cha protini, imeungana na sukari na haimfai kuku tena. Protini kwenye karatasi itasoma ileile.

Ukavu upime kwa mzani. Kabla ya kutandaza, chukua gramu 100 za tope bichi, zikaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo sana hadi uzito usipungue tena. Tuseme zimebaki gramu 26. Kama umetandaza kilo 35, hesabu ni 35 × 0.26 ÷ 0.90, sawa na kilo 10.1. Tope lote likifika uzito huo, lina unyevu wa asilimia 10, lifunge kwenye mifuko yenye nailoni ndani. Likizidi asilimia 12 usilifungie.

Masalia ya pombe ya kienyeji

Machicha ya pombe ya mtama isiyokenekwa yana hamira hai na pombe ndani yake. Nguruwe waliolewa wanachekesha mara ya kwanza tu, na hamira hai inaendelea kutoa gesi tumboni. Yachemshe dakika 30 sufuria ikiwa wazi, kisha fuata hatua zilezile. Tegemea tope pungufu, kwa kuwa hamira nyingi imeshanywewa na wateja.

Kulisha

Protini ya mtama ni maskini wa laisini: gramu 2 hivi katika gramu 100 za protini, wakati ya hamira ina kama 7. Tope limechanganya zote mbili, liko katikati. Kwa hiyo halichukui nafasi ya dagaa wote, linapunguza tu. Mchanganyiko wa kilo 100 kwa kuku wa mayai:

mahindi yaliyoparazwa kilo 42, pumba za mahindi 12, tope kavu la protini 12, mashudu ya alizeti 17, dagaa 6, chokaa ya mifugo 8, unga wa mifupa 2.25, chumvi 0.3, primiksi (vitamini na madini) ya kuku wa mayai 0.25, laisini 0.2.

Ukichukua tope kuwa na asilimia 42, jumla inatoka karibu 18. Dagaa wenye chumvi au mchanga wanaharibu hesabu yote. Waonje, na kama ni wa chumvi ondoa ile 0.3. Anza kuku kwa nusu ya tope wiki ya kwanza.

Machicha manene ni ya wanaocheua. Ng'ombe wa maziwa kilo 5 hadi 8 mabichi kwa siku pamoja na majani makavu, mbuzi nusu kilo, na wote waanze kidogo kidogo kwa siku kumi. Kuku usimpe zaidi ya asilimia 10 ya chakula. Nyuzi zitamjaza bure.

Ukitaka kuuza, bei ipange kwa kilo ya protini: gawa bei ya kilo ya mashudu sokoni kwa 0.28, zidisha kwa kiwango chako. Kiwango hicho kipimwe. Maabara ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro inapima vyakula vya mifugo. Chota kutoka sehemu kumi za shehena, changanya, tuma nusu kilo. Atengenezaye chakula cha mifugo kwa biashara anatakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya malisho na vyakula vya mifugo ya mwaka 2010.

Kemikali

Kuna njia ya kuyeyusha protini ya machicha kwa kostiki soda: machicha mabichi kilo 10, maji lita 30 ya nyuzi 50, soda iongezwe kidogo kidogo hadi pH 10 (andaa gramu 150, lakini fuata karatasi ya pH, si mzani), koroga saa moja, chuja, kisha shusha maji hayo hadi pH 4.3 kwa asidi ya sitriki ili protini igande, na uioshe mara mbili kutoa chumvi. Inafanya kazi vizuri kwenye shayiri. Protini kuu ya mtama, kafirini, ikishapikwa na maji inajifunga yenyewe na haitoki kirahisi, kwa hiyo utapata pungufu ya nusu. Kwa mtambo mdogo hailipi. Ukiamua kujaribu, usipite pH 11, maana laisini inaharibika. Usitumie magadi ya ziwani, yana floraidi. Na asidi ya betri usiisogeze, ina risasi.

Maji ya juu, na masika

Maji ya juu yaliyobaki baada ya kuosha machicha yana chumvi, sukari kidogo na glisaroli. Robo ya maji ya pika inayofuata yanaweza kuwa haya: hamira inayapenda na unaokoa lita 75 kwa gunia. Ukizidisha theluthi moja, asidi inajilimbikiza na uchachushaji unazubaa kuanzia pika ya tatu au ya nne. Siku hiyo anza upya na maji safi. Mengine loweshea mabua na majani makavu ya ng'ombe, nusu saa kabla ya kuwapa. Yasimwagwe kwenye mfereji wala kisima cha choo. Yanameza hewa yote ya maji yanapofika.

Desemba hadi Aprili kichanja hakitegemewi. Machicha yaliyokamuliwa changanya na pumba kavu, kilo 12 kwa kila 100, na chumvi nusu kilo, yashindilie kwa miguu kwenye pipa lenye nailoni nene, tabaka kwa tabaka, toa hewa, funga, weka mzigo juu. Baada ya wiki tatu fungua. Yanatakiwa yanukie uchachu safi kama togwa. Ukifungua pipa, kata sentimita 10 kila siku kwenye uso mzima. Uso uliokaa siku mbili bila kuguswa unaota ukungu, na ukungu huo unatupwa pamoja na kiganja kimoja chini yake.

Tope halivumilii kufukiwa hivyo, ni laini mno. Msimu wa mvua lilishe bichi kwa nguruwe siku ileile, lita 1 ya tope zito kwa nguruwe mkubwa pamoja na pumba, au panga pika zako kufuata idadi ya nguruwe ulionao.